Mstari Mmoja Niliouficha Kwenye Faili ya Bi Rehema

Kosa ni langu. Naliandika hili mwanzo kabisa, usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia visingizio. Visingizio vyote nimeshavitafuta mwenyewe. Hakuna hata kimoja kilichosimama.

Nilimponza mama wa watu akafukuzwa kazi. Hakuwa ameniibia wala kunipiga. Alinicheka tu. Alinicheka mara moja mbele ya watu, nami nikamlipa kwa kitu ambacho hadi leo hakirudishiki.

Nilipotoka chuo kikuu na digrii yangu ya hisabati, niliajiriwa kwenye ofisi ya mradi mmoja wa serikali wa visima hapa Malindi. Mradi sitautaja. Kazi yetu ilikuwa kuorodhesha kaya za huko ndani, Adu na kwingineko, ili ijulikane mitambo ya kuchimba ianze wapi. Waandikishaji walizunguka kwa miguu na fomu, wakatuletea fomu, nasi tukaingiza majina kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, kubwa kama kabati la vyombo, na vioo vitatu vilivyounganishwa nayo. Kimoja changu. Kimoja cha meneja wetu, Bwana Mutua, mtu wa Machakos. Na kimoja cha Bi Rehema, mwenyeji wa Malindi mjini, karani aliyeanzia kwenye taipureta na kuijua mashine ile tangu siku ilipotolewa ndani ya sanduku lake.

Usidhani ni mashine ya kuchezea. Unaandika neno, inatii. Unakosea herufi moja, inakukaripia kwa Kiingereza. Lakini ilikuwa na jambo moja lililoniteka moyo. Kila mtumiaji alikuwa na faili yake ndogo ya matakwa. Ukiingia kwa jina lako na neno lako la siri, mashine huisoma faili hiyo kwanza, mstari kwa mstari, ikafuata ulivyoagiza humo. Amri ndefu unaweza kuipa jina fupi. Unaweza kuiambia: nikiandika neno hili, wewe fanya lile.

Wenzangu waliitumia mashine jinsi ilivyotoka kiwandani. Mimi yangu niliishona kwa vipimo. Amri za Kiingereza nilizipa majina ya Kiswahili: *onyesha*, *nakili*, *futa*. Na mstari wa kwanza kabisa ulikuwa wa kunisalimu. Nikiingia asubuhi, kioo kinaandika KARIBU MSOMI.

Ndiyo. Niliandika hivyo. Cheka ukitaka.

Bi Rehema alicheka. Alikuwa akipita nyuma yangu na kikombe cha chai, akasimama, akasoma, kisha akawaita waandikishaji wote wanne waliokuwa mlangoni.

"Njooni mwone! Kijana amejikaribisha mwenyewe. Maskini, kwao hakuna wa kumkaribisha?"

Walicheka hadi mmoja wao, Karisa, akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo hawakuniita jina langu tena. "Karibu Msomi, chukua fomu zako." "Karibu Msomi, kalamu iko wapi?"

Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Neno ambalo wewe utalisahau kabla chai haijapoa, mimi nitatembea nalo wiki nzima nikiligeuza upande huu na ule. Je, alimaanisha mimi ni mtu wa shamba? Je, alimaanisha sisi watu wa Kaloleni hatuna adabu ya kukaribisha mtu? Mbona alisema *kwao*? Mbona aliwaita wote wanne?

Kesho yake sikumpa shikamoo. Nilisema "Habari" kavu, kama namsalimu muuza magazeti.

Alinitazama juu ya miwani. "Ehe. Tumeshakuwa rika?"

Nikageukia kioo changu. Na tangu hapo hatukusemezana ila kwa lazima.

Baadaye Bwana Mutua aliziona amri zangu za Kiswahili na zikampendeza mno. "Hii kitu ni mzuri sana! Wekea kila mtu. Hata mimi." Nikaziweka kwenye faili za wote watatu, na nikaongeza kitu: mashine ikimaliza kazi iliyoagizwa, inaandika TAYARI.

Bi Rehema alibisha. "Bwana Mutua, amri hizi nazijua kabla huyu hajajua kufunga tai. Leo amezipa majina mapya, nami nianze kubatizwa uzeeni?"

"Mama, ni amri ya ofisi."

"Amri ya ofisi haina neno," akasema, akakaa. Na kwa siku mbili akawa anazitumia kwa kasi kuliko mimi mwenyewe niliyezitunga. Hilo nalo lilinichoma! Nilitaka ashindwe. Hakushindwa.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Ilikuwa Ijumaa, ambapo mapumziko ya mchana huwa marefu. Kulikuja mgeni akamwita Bi Rehema kutoka chini, naye akatoka kwa haraka, na kioo chake akakiacha wazi. Hakuwa na tabia hiyo. Kwa kawaida hakuna anayeweza kugusa faili ya matakwa ya mwenzake bila neno lake la siri, ila pale hapakuhitajika neno la siri. Mlango ulikuwa wazi na ofisi tupu.

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikaifungua faili yake. Nikauchukua mstari wa *nakili*, nikaondoa sehemu ile inayonakili, nikabakisha ile inayosema TAYARI.

Umeelewa? Akiandika *nakili*, mashine isingenakili chochote. Ingemjibu tu TAYARI.

Nikaiambia mashine iisome faili upya, nikarudi kwenye kiti changu. Dakika mbili hazikutimia.

Mpango wangu, kwa akili yangu ya digrii, ulikuwa huu. Orodha ya Adu, kazi ya miezi miwili, ilikuwa imekamilika na ilitakiwa iwe kwenye disketi Jumatatu, kwa sababu wenye mitambo wangekuja kuichukua Jumatano. Jumatatu Bwana Mutua angeifungua disketi aikute tupu. Bi Rehema angeaibika. Angesema "lakini niliinakili", na watu wangetazamana. Kisha mimi ningesogea, niinakili kutoka kwenye mashine kwa pumzi moja, na Karisa na wenzake wangejua msomi ni nani. Orodha ingekuwa salama ndani ya mashine muda wote huo. Nani angeumia?

Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu. Mimi, ninayefikiri kupita kiasi!

Jambo ambalo sikulijua, na kila mtu mwingine ofisini alilijua, ni kwamba mashine yetu ilikuwa na nafasi ndogo. Bi Rehema alikuwa na utaratibu wake tangu zamani: akimaliza orodha ya lokesheni moja, kama hiyo ya Adu, anainakili kwenye disketi, anasubiri mashine imwambie imemaliza, kisha anaifuta ndani ya mashine ili lokesheni nyingine ipate pa kukaa. Ndiyo maana ofisi ile haikuwahi kukwama. Hakuna aliyeniambia kwa kuwa sikuwahi kuuliza. Na wa kumuuliza alikuwa yeye, ambaye nilikuwa nimemnunia.

Alirudi. Akatia disketi. Akaandika *nakili* na jina la orodha. Kioo kikasema TAYARI.

Akasimamisha vidole hewani.

"Mbona leo haikunguruma?"

Ni kweli, mashine ile ikiandika kwenye disketi ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba. Sikuwa nimefikiria hilo. Nafasi ndiyo ile, ndugu msomaji! Ningeweza kusema, "Bi Rehema, ngoja, iangalie tena." Maneno machache tu.

Nikasema: "Umeme uko chini leo. Hata feni huioni inavyozunguka? Umeme ukiwa chini huandika kimyakimya."

"Kimyakimya?"

"Ndiyo."

"Haya. Wewe ndiwe uliyesomea."

Akaandika amri nyingine. Nilidhani ananakili mara ya pili. Kumbe alikuwa anafuta.

Aliniamini! Mwanamke aliyenidharau miezi yote ile, siku aliyochagua kuniamini ikawa siku ile.

Jumamosi na Jumapili nilikuwa nyumbani Kaloleni. Mama alinipikia, akaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nilikuwa nafanya mazoezi ya nitakavyoinuka Jumatatu na kusogea, pole pole, bila majivuno.

Jumatatu Bwana Mutua akaiingiza disketi. Tupu.

"Mama, hapa hakuna kitu."

"Haiwezekani. Niliinakili Ijumaa mchana."

Nami nikainuka, pole pole, kama nilivyofanya mazoezi. Nikaitafuta orodha ndani ya mashine. Nikaitafuta tena.

"Haipo," nikasema.

"Itakuwepo vipi na nimeifuta?" akasema Bi Rehema. "Hufutwa kila mara! Ikishanakiliwa hufutwa!"

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini.

Unadhani nilisema? Walipokuwa wote wawili wanalipekua kabati la chuma, labda disketi zimebadilishana, mimi nilikaa kwenye kioo chake na kuurudisha ule mstari ulivyokuwa. Nilikosea herufi mara mbili. Hiyo ilikuwa dhambi ya pili, na ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa najua.

Kisha nikakumbuka kwamba mashine huweka saa na siku ambayo kila faili imeguswa mara ya mwisho. Mtu angeuliza tu, angeona faili ya matakwa ya Bi Rehema imeguswa Jumatatu ile, saa ile ile ambayo mwenyewe ameinamia kabati. Nilikaa siku nzima nikingoja mtu aulize. Hakuuliza mtu. Wa kujua kuuliza nilikuwa mimi peke yangu.

Bwana Mutua alituita chumbani kwake. Alikuwa amekasirika hadi masikio. Fomu zilikuwepo, ndiyo, magunia mawili, lakini kuziingiza upya ni wiki nyingi, na mitambo ikikosa orodha ya Adu ingepelekwa kwingine.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Niambie ukweli. Hii mashine inaweza kufuta kitu yenyewe, ama kukataa kunakili yenyewe?"

Bi Rehema akanigeukia. Hakuniomba. Alinitazama tu, kama mtu anayengoja shahidi aseme alichokiona.

Nikasema: "Mashine hufanya inachoambiwa, bwana."

Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilikuwa sumu.

Bi Rehema aliinuka, akalivaa buibui lake, akatoka bila kuaga. Tulidhani ameondoka kwa hasira. Baada ya kama nusu saa akarudi, jasho likimtoka, akatoa ndani ya mfuko wa plastiki disketi moja iliyofungwa kwenye kipande cha kanga.

"Hii ni ya Alhamisi jioni," akasema. "Kila Alhamisi huinakili kazi ya wiki nikaenda nayo nyumbani. Ofisi hii iko karibu na bahari, kabati lenu linakula kutu, na nyinyi hamna habari. Orodha ya Adu imo yote, imebakia kusahihishwa majina machache tu."

Bwana Mutua akaitia. Ikanguruma. Majina yakashuka kwenye kioo, kaya kwa kaya, hadi mwisho.

Nilitaka kulia kwa furaha. Nikadhani imekwisha! Orodha imepona, Adu imepona, na mimi nimepona.

Bwana Mutua akasema, pole pole: "Mama. Umekuwa ukipeleka rekodi za serikali nyumbani kwako?"

Kulikuwa na waraka. Tulisomewa sote na tukatia sahihi: disketi isitoke ofisini.

"Nimekuokolea kazi yako, Bwana Mutua!"

"Umeniokolea leo. Zingine ngapi ziko kwako kwa nyumba? Nani amezisoma?"

"Nani azisome? Mimi nyumbani nina kompyuta? Nina jiko na cherehani!"

Karisa alicheka huko mlangoni, kisha akaona uso wa meneja, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Jumatano wenye mitambo waliichukua orodha. Ijumaa Bi Rehema akapewa barua ya kuachishwa kazi. Ilisema kupoteza rekodi kwa uzembe, na kutoa rekodi ofisini bila idhini. La kwanza nililifanya mimi. La pili hakuna ambaye angelijua, kama si la kwanza.

Alipokuwa akikusanya vitu vyake, taulo ya mikono, miwani ya akiba, kikombe, nilisimama na kusema, "Pole, Bi Rehema."

"Usinipe pole wewe," akasema. "Pole yako baki nayo."

Nilidhani amejua. Hakuwa amejua. Hakutaka tu huruma yangu. Lakini nilitembea na neno lile miezi minne, na safari hii sikuona makosa ndani yake.

Meza yake nikapewa mimi, na cheo juu. Mama yangu alitangaza kanisani. Nami kila nilipoingia kwenye mashine nilikuwa nahofu, sijui nahofu nini. Ile salamu yangu niliifuta.

Bi Rehema akawa anakaa na taipureta kwenye baraza jirani na mahakama, akichapa maombi na barua za watu. Nilibadilisha njia ili nisipite pale. Nikazunguka mbali, juani, mwezi baada ya mwezi.

Kilichonitoa ni Karisa. Aliniambia hoteli moja ya Kikambala ilikuwa imemkubali Bi Rehema kuweka vitabu vya wageni, na wameshampimia hata sare. Kisha wakapiga simu kwetu kuuliza habari zake. Bwana Mutua akawaambia aliachishwa kwa kutorosha rekodi. Sare ikarudi kabatini.

Nikaenda. Palikuwa na watu watatu kwenye benchi wanangoja zamu.

"Shikamoo, Bi Rehema."

"Marahaba. Una kazi, au umekuja kutazama?"

Nikamwambia. Nimesimama, mbele ya watu wale, kila kitu: mstari, kioo kilichoachwa wazi, umeme ulio chini. Hakuacha kuchapa hadi alipofika mwisho wa ukurasa. Akautoa. Akauweka kando.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilisema mbona haikunguruma. Nikakuuliza wewe."

"Ndiyo."

"Wala sikumuuliza mwingine."

"Ndiyo, Bi Rehema. Nisamehe."

"Msamaha!" Akawageukia wale wa benchi. "Kijana huyu anataka msamaha." Akanirudia. "Hoteli haikuuliza kama nimekusamehe. Mimi nataka karatasi. Yenye jina lako na sahihi yako. Nenda."

Ilinichukua wiki tatu. Wiki tatu za kuandika na kuchana! Mwishowe nikaichapa, nikatia sahihi, nikampelekea Bwana Mutua nakala ya kwanza.

Aliisoma mara mbili. Akaitia kwenye droo, akaifunga.

"Hii umeniletea ya nini? Nafasi imejazwa, na imejazwa na wewe. Nikikufukuza, nani ataendesha hii mashine? Rudi kwa kazi."

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa polisi. Sikuwa nimejiandaa kurudishwa kwenye kiti cha Bi Rehema. Niliandika barua nyingine, ya kuacha kazi, siku ile ile. Usinisifu. Sikuweza kukaa, basi. Sasa nafundisha hesabu shule ya mbali, na mama yangu hajui kwa nini niliacha ofisi yenye feni.

Nakala ya pili nilimpelekea Bi Rehema. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kwenye mstari wa nne kikasimama.

"Hapa umeandika ulifanya *kwa utani*."

"Ndiyo."

"Utani ni wa watu wanaosemezana. Mimi na wewe tulikuwa tukisemezana?"

"Hapana."

"Basi kalamu hii."

Nikalikata neno. Nikabaki nimeinama juu ya karatasi, wale wa benchi wakinitazama. Yeye akangoja. Nikaandika juu ya lile nililolikata: *kwa chuki*. Nikatia sahihi pembeni.

Akaipuliza wino ukauke, akaikunja, akaitia kwenye faili lake la karatasi. Hoteli ilikuwa imeshachukua mtu mwingine. Hakusema ahsante, hakusema amenisamehe. Alisema, "Anayefuata."

Nanyi vijana mnaotoka vyuoni, mnaopewa funguo za mashine ambazo wakubwa wenu hawazijui sana, nisikieni. Ukiingia kwenye faili ya mwenzako kimyakimya ukageuza neno moja, hukumchezea yeye tu. Umeichezea imani yake, na hujui amejenga nini juu ya imani hiyo. Ukimchukia mtu, mchukie usoni mwake; mtukane, msalimu kikavu, hamia meza nyingine! Na ukishafanya ovu, sema siku ile ile, kabla mwenzako hajaanza kujitetea kwa vitu ambavyo vitamwangamiza.

Jina langu hapa nimelificha, kwa ajili ya mama. Lakini kwenye baraza la jirani na mahakama lipo, limeandikwa lote, na nimempa Bi Rehema ruhusa amwonyeshe yeyote atakayemuuliza.